Hakukuwa na Mgomo

Paskalina mwanangu,

Kesho asubuhi sitakuja stendi kukusindikiza. Naanza na hilo ili usije ukapoteza muda kugeuza shingo kunitafuta. Sababu ipo, nayo si ugonjwa wala shamba, wala si kwamba bado nina kinyongo kwa kuwa ulikataa ile kazi ya benki Arusha. Nitakueleza, ila unanijua, sijawahi kusimulia jambo likanyooka.

Mambo ya safari ameshakuambia mama yako, tena mara mbili mbili: sabuni iko wapi, unga usiuweke karibu na viatu, dereva akisimama Makuyuni usishuke ukaacha sanduku. Hayo sirudii. Naandika kabla jua halijaingia nyuma ya msitu, maana mafuta ya taa yaliyobaki mama yako ameyaficha, anasema ni ya kukuamshia wewe alfajiri, si ya watu kuandikiana barua ndani ya nyumba moja.

Kwa hiyo unakwenda kufundisha chuoni. Mkufunzi msaidizi wa somo la uongozi wa watumishi. Uliponionyesha ile barua ya ajira nilisema "vizuri" nikatoka nje, ukadhani sikufurahi. Hukukosea. Nilikwenda nikakaa kwenye kuni nikajiambia, Mungu wangu, katika masomo yote waliyo nayo pale, uhasibu, ununuzi, bima, hata kupiga chapa, binti yangu wakampa lile lile.

Mimi nilipelekwa chuo hicho hicho na kampuni, wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni. Hoteli za serikali zilikuwa zinataka mameneja wananchi, nami nilikuwa na darasa la kumi na mbili na suruali mbili. Tukakaa mwaka mzima. Mkufunzi wetu alikuwa kijana mwembamba aliyetoka kusoma ng'ambo, hajawahi kuajiri hata mtu wa kumfulia. Akatufundisha kwamba mfanyakazi ni binadamu. Haki ya Mungu, tuliandika. Watu wazima arobaini na kitu, wengine wana wajukuu, tumeinama tunaandika kwamba mfanyakazi ni binadamu, na kwamba ni vizuri kumwuliza habari za nyumbani.

Sisi, Paskalina! Sisi ambao ukikutana na mtu njiani unaanza na salamu yetu, "saita", unauliza mke, watoto, ng'ombe, mvua, mguu uliokuwa unauma, hata kilichowakutanisha kinasahaulika. Tukafundishwa kuuliza habari za nyumbani kama mbinu. Uliza, nyamaza, tikisa kichwa, rudia maneno yake ya mwisho ili aone umesikia. Tukafanya mazoezi wawili wawili, mmoja meneja, mmoja mfanyakazi. Mimi nilisifiwa. Mkufunzi alisema nina sikio.

Nilirudi na sikio langu kule hotelini, ukingoni mwa kreta. Unaikumbuka ile hoteli, ulikuja Krismasi moja ukalia kwa sababu ya ukungu. Nilikuwa na watu zaidi ya mia, wapishi, wa vyumba, madereva, walinzi kutoka Endulen, wa bustani, na wengi wao walikuwa watu wa huku kwetu, Karatu, majirani. Nami nikaamua sitakuwa meneja wa kukaa ofisini. Siku zangu za mapumziko nilikuwa nashuka, nakwenda nyumbani kwa mfanyakazi mmoja mmoja. Nakaribishwa kigoda, inaletwa pombe ya mtama, mzee wa nyumba anaibariki, tunakunywa. Nauliza. Nanyamaza. Natikisa kichwa.

Walinipenda. Nisiseme uongo kwa unyenyekevu, walinipenda kweli. "Ndugu Meneja hana makuu," walisema. "Anakaa chini kama sisi." Na mimi nilikuwa nafurahi, pombe ilikuwa tamu na mazungumzo yalikuwa matamu, sikuwa naigiza. Hilo ndilo nililoshindwa kumweleza mtu yeyote miaka yote hii. Sikuwa naigiza. Ila nikifika ofisini Jumatatu, yale niliyoyasikia nilikuwa nayaweka kwenye mafaili ya watu, kama tulivyofundishwa: mke ana shamba lake, kijana mkubwa ni mwalimu Mbulu, amejenga nyumba ya bati, ana mifugo.

Wale walinzi wa Endulen walinishinda ujanja tangu mwanzo. Nilipouliza habari za ng'ombe walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akaniambia, "Meneja, ng'ombe wanaangaliwa, hawasemwi." Nikaandika kwamba Wamasai ni wagumu kufunguka.

Watu wa kwetu walifunguka. Na aliyefunguka kuliko wote ni Bura.

Sasa wewe Bura unamjua kama mzee anayepita pale chini na fimbo, anayekusalimia kwa jina lako la Kiiraqw. Siku zile alikuwa mwanaume wa kutisha kwa mabega. Ndiye aliyekuwa anawasha moto wa maji ya wageni. Kule juu baridi inaingia mpaka kwenye meno, na mzungu akikosa maji ya moto alfajiri, hoteli nzima inasikia. Kwa Bura hawakukosa. Tulikuwa tunapanda naye gari la kampuni pamoja, tunashuka pamoja, na nyumbani kwake nilikunywa kuliko nyumbani kwa mtu mwingine yeyote. Mkewe alikuwa ananitania, "Shemeji, leo umekuja kuuliza au kunywa?" Nilijibu, "Vyote, shemeji." Tukacheka.

Zizi lake lilikuwa limejaa. Ng'ombe wazuri, wenye afya. Jioni moja tumesimama naye tunaangalia wanavyoingia, nikasema, "Bura, zizi limejaa." Akasema, "Mungu anasaidia." Nikatikisa kichwa. Na Jumatatu nikaandika: ana mifugo ya kutosha.

Wewe umekulia bwenini zaidi ya nyumbani, labda hujui hili vizuri. Kwetu zizi la mtu si kipimo cha mali yake. Mwenye ng'ombe hawaweki mahali pamoja, anawagawa kwa marafiki na wakwe, wawili huku, watatu kule, ugonjwa ukipita usimalize wote, na jicho la watu lisimalize wote. Anayewatunza anakunywa maziwa, anapata samadi, kuhusu ndama anaelewana na mwenyewe. Na haulizwi ni wa nani. Ukimwambia zizi limejaa anasema Mungu anasaidia, basi, mmesalimiana. Akianza kutaja huyu wa fulani na huyu wa fulani, amewavua nguo wenzake hadharani.

Mimi nililijua hilo. Sikusoma kitabuni. Ng'ombe wa babu yako walikuwa wametawanyika mpaka Mbulu, na alipokufa walirudi mmoja mmoja bila karatasi. Nililijua kama ninavyojua jina langu. Lakini faili lilikuwa na nafasi ya "mali aliyonayo", na mimi nilikuwa msomi, nikajaza.

Kisha mpaka wa Kenya ukafungwa. Ulikuwa darasa la sita, utakumbuka jinsi magari yalivyopotea barabarani. Watalii wote walikuwa wanakuja kwa upande ule. Hoteli yenye vyumba tele ikawa na wageni wanne, siku nyingine hakuna, wapishi wanacheza bao jikoni. Ikaja amri kutoka makao makuu: punguza nusu ya watumishi, na pasitokee vurugu. Nchi nzima wafanyakazi walikuwa wamechangamka miaka ile, meneja aliweza kufungiwa nje ya geti lake mwenyewe. Nilikwambia mara ngapi kwamba sikuwa na la kufanya? Na kweli sikuwa nalo. Nusu ilikuwa lazima iondoke. Hapo sijilaumu, na anayenilaumu hapo naweza kubishana naye hata sasa.

Lakini namna, mwanangu. Namna ilikuwa yangu.

Ningeweza kupiga kura ya bahati nasibu. Ningeweza kusema wa mwisho kuingia awe wa kwanza kutoka, watu wangenung'unika kidogo na kuelewa. Hapana. Mimi nilikuwa na sikio. Nikakaa na mafaili yangu nikasema, ngoja niwe mwenye haki. Asiye na kitu abaki. Mwenye shamba, mwenye mtoto mwalimu, mwenye mifugo, huyo ana pa kuegemea, aondoke. Nikajiona mtu mwema sana. Mama yako nilipomweleza, alikuwa anachambua maharage, hakuinua uso. Akasema, "Hayo umeyajuaje?" Nikamwambia walinieleza wenyewe. Akasema, "Walimweleza nani?" Nikamwambia asiniletee mafumbo.

Na chuoni walikuwa wametufundisha jambo jingine zuri: mfanyakazi anayeachishwa aelezwe sababu kwa maandishi, kwa heshima, asibaki gizani. Basi kila barua niliiandika mwenyewe. Ya Bura ilisema hivi, bado ninayo kichwani: "Kwa kuwa uchunguzi wetu umeonyesha kwamba unayo mifugo ya kutosha kukidhi mahitaji ya familia yako..." Nilimpa mkononi, nikamshika bega. Nikarudia maneno yake ya mwisho. Alisema "Haya, Meneja," nami nikasema "Haya, Bura."

Bura hakujua kusoma. Jumapili baada ya misa akampa katekista amsomee, pale nje chini ya ukuta wa kanisa ambapo wanaume husimama. Katekista ana sauti ya kanisani, hajui kusoma polepole. Ikasomwa mbele ya watu wote: uchunguzi umeonyesha, unayo mifugo ya kutosha. Na wenye ng'ombe walikuwepo. Wakasikia kwamba Bura amemwambia meneja, ameiambia serikali, kwamba ng'ombe wale ni wake.

Hawakumgombeza. Walikuja mmoja leo, mwingine wiki inayofuata, na kamba. "Bura, nina harusi, nitamchukua yule mwekundu." "Bura, mama anaumwa, nitawachukua wale wawili." Kabla mahindi hayajakomaa zizi lilikuwa limeota majani. Sijui alijieleza au hakujieleza. Nadhani alijieleza, na nadhani karatasi yenye mhuri ilimshinda. Kazi hana, maziwa hana, samadi hana, na jina la uaminifu, ambalo ndilo lililojaza lile zizi, hana. Akateremka Mang'ola kulima vitunguu vya watu. Amerudi juzi juzi tu na kile kifua.

Na hotelini? Kimya. Watu zaidi ya hamsini waliondoka, hakuna aliyepaza sauti. Hawakuja getini, hawakwenda kwenye tawi la chama, hawakuandika kwa mkuu wa wilaya. Walirudisha sare zimefuliwa. Makao makuu wakanipigia simu ya pongezi. Miezi kadhaa baadaye akaja mkufunzi kutoka chuoni, si yule mwembamba, mwingine, akalala hotelini, akala, akaniuliza maswali, akanyamaza, akatikisa kichwa. Nikamweleza kila kitu kwa fahari. Ndiyo yale maandishi mnayoyasoma darasani hadi leo, "Hoteli ya Mlimani", Bwana M. aliyewajua watumishi wake mpaka majumbani, akapunguza nusu, na "hakukuwa na mgomo hata wa saa moja".

Unakumbuka likizo yako ya kwanza ya chuo? Umeketi pale jikoni unatusimulia, macho yanang'aa, "Baba, tumesoma habari za meneja mmoja, huyu mtu alikuwa mbele ya wakati wake!" Mama yako akaangua kicheko, kile kicheko chake kibaya. Akasema, "Muulize baba yako huyo bwana anakaa wapi, tumpelekee kuku." Ukanitazama, nikasema ndiyo, ni mimi. Ukaruka ukanikumbatia. Nikakuacha unikumbatie. Hapo hapo mama yako akasema, "Kimya kingi kina mshindo mkuu," akabeba ndoo akatoka, nawe ukaniuliza anamaanisha nini. Nikakwambia kachoka.

Alimaanisha hivi. Mgomo ulikuwepo. Haukufanyika hotelini, ulifanyika kwangu, na haujaisha.

Mwaka ule wa kwanza tulivuna mahindi mengi, nami nikaita watu wa kupura, kama kila mtu anavyoita. Mama yako akapika pombe, mitungi na mitungi, aliazima mingine kwa dada yake. Nikaandaa ngozi za kupuria, nikakata fimbo. Asubuhi nikakaa. Jua likapanda. Nikasema labda wana msiba mahali. Mchana nikatembea mpaka kwa jirani, nikamkuta amekaa kivulini anasuka kamba. "Karibu," akasema, kwa adabu kabisa. Nikamwambia leo ni kazi kwangu. Akasema, "Ndiyo, tulisikia." Akaendelea kusuka. Pombe ile ilikaa mpaka ikachacha, ikanuka mpaka nyumba ya mbele, na mama yako akaimwaga kwenye migomba huku analia, tena alilia akinitazama usoni ili nisiseme ni moshi. Nilipura peke yangu mpaka viganja vikatoka ngozi.

Ulipokuwa kidato cha kwanza uliniuliza kwa nini watu hawaji kwetu. Nilikujibu kwamba wana wivu na cheo changu. Lifute hilo. Hawakuwa na wivu wowote. Jumuiya inasali nyumba kwa nyumba, ikifika hapa inaruka, na mama yako anakwenda kusali kwa wengine na wanampokea vizuri, wanampa na mbegu. Mimi nikiingia kwenye pombe watu hawaondoki. Laiti wangeondoka. Wanasogea wananipa nafasi, wananipa kibuyu, na mazungumzo yanakuwa ya mvua. Nikimaliza kibuyu naaga, na nikifika kwenye ua nasikia wameanza kucheka tena. Hakuna anayeniambia kitu cha nyumbani kwake. Anayejua mtoto wake anaumwa hanielezi, anayejua binti yake anaolewa hanielezi. Siku ya kumzika bibi yako walikuja, kaburi walichimba, kwa sababu bibi yako hakuwa na kosa. Walichimba, wakafukia, wakanawa, wakaondoka, hakuna aliyekaa kulala nami kwenye matanga.

Na nina hasira nao pia, usidhani mimi ni mtakatifu wa kujipiga kifua. Yule meneja wa hoteli ya jirani, mtu wa kuja, alipopata amri kama yangu alisimama kwenye ngazi akawatukana watu, akataja majina ya wa kuondoka kama anaita mbuzi. Wakagoma. Wakamfungia ndani, polisi wakaja, magazeti nadhani yaliandika. Chuoni kwenu sijui kama mnamsoma, labda kama mfano wa upumbavu. Amestaafu, amenunua shamba hapa hapa Karatu, na kila Jumamosi anakunywa na watu wale wale aliowafukuza. Wanamtania, "Mzee, unakumbuka tulivyokufungia?" Anacheka, wanacheka. Huyo walimsamehe! Nililia wivu siku niliyowaona. Nilijiuliza kwa miaka amenizidi nini mpumbavu yule, na jibu ni jepesi tu, hakuwahi kukaa kwenye kigoda cha mtu.

Nimejaribu kutengeneza. Kupatana kwetu huendi peke yako, unatafuta wazee wakutangulie, na niliowaomba wote walikuwa na mgonjwa siku hiyo. Basi Bura aliporudi kutoka Mang'ola nilikwenda peke yangu, nikiwa nimemshika mtamba, yule mweupe mwenye doa, unamkumbuka. Nikamkuta amekaa nje na mkewe. Nikasema, "Bura, nimekuletea huyu." Akamtazama mtamba vizuri, miguu, kiwele, kama mtu anayetaka kununua. Mkewe ndiye aliyejibu. Hakukasirika, alisema kwa upole ule ule wa zamani, "Shemeji, huyu ni wako au umepewa kutunza? Tuambie kabisa, tusije tukaandikiwa." Bura akakohoa. Nikamgeuza mtamba nikarudi naye, na barabara yote watu wananisalimia, shikamoo, shikamoo.

Basi, Paskalina. Utasimama mbele ya watu wazima wenye kalamu, na ukurasa wa "Hoteli ya Mlimani" utafika, nasikia bado uko. Sikuombi uuchane. Soma mpaka pale paliposifiwa. Kisha waambie pombe ilichacha. Waambie kuhusu zizi. Ukitaka waambie Bwana M. ni baba yako, ukitaka usiwaambie, hilo ni juu yako na mshahara wako. Mkuu wa idara hatapenda, na akikuhamishia kwenye uhasibu nitachinja kondoo. Lakini ukiwafundisha kutikisa kichwa kama tulivyofundishwa sisi, na kuuliza habari za nyumbani kwa mtu ambaye huna nia ya kubeba shida yake hata mfuko mmoja, basi heri uwafundishe kutukana. Anayetukanwa anajua amesimama na nani.

Mama yako anasema nimeandika vya kutosha, na kwamba kuku wamepanda kwenye sanduku lako. Nimalizie nililoanza nalo.

Juzi mama yako alirudi kisimani na habari. Wanawake wa jumuiya wote wanakuja kesho kukuaga, wamepanga na nyimbo. Wanaume nao. Wewe ni mtoto wa kwanza wa kijiji hiki kwenda kufundisha chuo, wanasema, "Paskalina wetu." Na Bura amesema atakubebea sanduku mpaka stendi, kwa kifua kile, hataki kijana amsaidie. Mama yako akageukia ndoo yake, nikajua kuna kilichobaki. Nikamwuliza, na baba yake? Akasema, "Hawakusema usije." Nikamwambia, "Najua hawakusema." Akasema, "Ukienda watasimama, wataimba wimbo mmoja, watatawanyika. Unawajua."

Ninawajua. Kwa hiyo kesho ukitoka mimi nitakuwa nyuma, kwenye kuni, na mlango wa nyuma nimeufunga. Tuagane kwa karatasi hii, mengine mama yako atayafanya kwa mikono yake. Ukishafika stendi usiseme unanisubiri, usimtume mtu. Mshike mzee Bura mikono yote miwili, umpe shikamoo ndefu, na akikuwekea mkono kichwani uinamishe kabisa. Akikwambia neno, ni lako, usiniandikie kuhusu hilo hata kama nitakuuliza. Mimi nitasikia nyimbo kutoka hapa, upepo wa asubuhi huwa unakuja upande huu. Zikiwa ndefu nitajua nilifanya vizuri kubaki.

Mimi baba yako, niliyekusindikiza kwa kutokuja.